Modeli ya insulini kwa waya wa umeme: mwongozo kamili wa kuitengeneza kwa mkono na kwa kipimo

Modeli ya protini isiyo na kipimo ni pambo. Unaweza kuchukua waya, ukauzungusha hapa na pale, ukapaka rangi, na wageni wa mahafali wakaisifia. Lakini waya uliokunjwa kwa macho hukubali chochote, kwa hiyo haukufundishi kitu. Waya uliopimwa hukataa. Ukikosea mkunjo mmoja, sehemu mbili zilizotakiwa kukutana zinapishana, na hapo unalazimika kurudi nyuma na kujiuliza protini yenyewe hujikunja vipi. Mwongozo huu ni wa modeli ya aina hiyo ya pili. Nauandika nikiwa Moshi, kwa walimu wa baiolojia, kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na kwa yeyote mwenye plaizi na Jumamosi isiyo na msiba wala harusi.

Kwa nini insulini

Insulini, protini inayosawazisha sukari ya damu, kwa binadamu ina asidi amino (vipande vinavyounganishwa kuunda protini) 51 tu, katika minyororo miwili: mnyororo A wenye 21 na mnyororo B wenye 30. Ni ndogo kiasi cha kumalizika, lakini ina karibu kila kitu ambacho mwanafunzi anapaswa kukiona: heliksi tatu (sehemu zilizojizungusha kama springi), kipande kilichonyooka, kona kali, na madaraja matatu ya salfa. Hayo madaraja ndiyo sababu yangu kubwa ya kuichagua. Kila daraja linafunga sisteini mbili, asidi amino zenye salfa, na ukikunja waya sawasawa sisteini hizo zinajikuta jirani bila kulazimishwa. Mtihani na majibu yake vyote viko ndani ya modeli, huna haja ya kusubiri mtu aje kukusahihishia.

Tena insulini si kitu cha mbali. Koo nyingi za hapa sasa zina shangazi au babu mwenye kichupa chake kwenye mlango wa friji, na mtoto anayemwona babu akijidunga kila asubuhi huuliza maswali ya maana kuliko yaliyomo kwenye kitabu.

Wanafunzi wengi huomba himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa sababu ya selimundu. Ni ombi zuri. Ugonjwa wote huo unatokana na badiliko la asidi amino moja, glutamati kuwa valini katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 jinsi kurithi jeni moja tu la selimundu kunavyomkinga mtu dhidi ya malaria. Lakini himoglobini ina minyororo minne na asidi amino 574. Kwa kipimo tutakachotumia, hizo ni karibu mita 22 za waya. Iacheni kwanza.

Vifaa

Kifaa kikuu ni waya wa umeme wa nyumba, ule wa 2.5, wenye uzi mmoja mnene wa shaba ndani. Wa nyuzinyuzi haushiki umbo, usiuchukue hata ukipewa bure. Nunua rangi mbili: mweusi kwa mnyororo A na kahawia kwa mnyororo B. Mwekundu uepuke, kwa sababu baadaye tutabandika tepu nyekundu na haitaonekana juu yake. Dukani utaulizwa maswali.

“Kaka, naomba 2.5 nyeusi mita moja, na kahawia mita mbili.”

“Mita moja, mwalimu? Hiyo si haifiki hata kwenye swichi.”

“Haiendi kwenye swichi. Naomba tu iwe ya waya mmoja, siyo nyuzinyuzi.”

Atakukatia, na mara nyingi atakuzidishia kidogo. Hapo hapo chukua tepu za umeme za njano, nyekundu, bluu na kijani, pamoja na bindingi waya kama mita moja. Vingine: plaizi ya ncha ndefu, rula, futi kamba ya fundi cherehani, kalamu ya maka, karatasi za grafu, pakiti ya vijiti vya mishikaki, na kipande cha foamu nyeupe ngumu, ile inayokuja ndani ya boksi la TV, chenye upana wa kama sm 40 kila upande.

Utahitaji pia shanga sita za njano. Ukiwa Arusha hili si tatizo, akina mama wa Kimaasai wanaoshona mikufu watakuuzia. Ila omba shanga kubwa za mkufu, siyo zile ndogo za kushonea, kwani bindingi waya haitapita kwenye tundu lake.

Cha mwisho ni kitu cha mviringo chenye mzunguko wa sm 12. Zungushia uzi, pima uzi kwa rula. Kiini cha karatasi ya chooni huwa karibu na hapo, lakini hubonyea. Bora ukunje gazeti zima kwa nguvu mpaka lifike sm 12, kisha ulifunge kwa solotepu. Nitaeleza namba hiyo imetoka wapi, maana haikuokotwa.

Kipimo

Sentimita moja ya modeli ni angstromu moja ya protini. Angstromu ni sehemu moja ya milioni mia ya sentimita, kwa hiyo modeli yako ni insulini iliyokuzwa mara milioni 100. Mwanasayansi John Kendrew alipojenga modeli ya mayoglobini, protini ya misuli, kule Cambridge kufikia mwaka 1960 alitumia sm 5 kwa angstromu moja na msitu wa fito za chuma zipatazo 2,500. Hatuna chumba cha hivyo, wala fito.

Hatutaonyesha kila atomu. Tutafuata kaboni alfa peke yake, yaani ile kaboni ya kila asidi amino inayobeba mnyororo wa pembeni. Linalotuwezesha kufanya hivyo ni kwamba kifungo cha peptidi hakizunguki. Atomu zake zimelala bapa, na matokeo yake umbali kutoka kaboni alfa moja hadi inayofuata ni ule ule karibu kila mahali, angstromu 3.8. Mnyororo mzima wa protini unageuka kuwa waya wenye alama kila sm 3.8. Kazi iliyobaki ni kujua waya ukunjwe wapi na kwa upande gani.

Kukata na kuweka alama

Mnyororo A una nafasi 20 kati ya asidi amino zake 21, na 20 mara 3.8 ni sm 76. Ongeza sm 3 kila ncha, ukate sm 82. Mnyororo B una nafasi 29, sawa na sm 110.2; ukate sm 116.

Nyoosha waya kwanza. Funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, shika nyingine kwa plaizi, uvute mara moja kwa nguvu. Shaba itanyooka kabisa.

Sasa weka alama, lakini usipime sm 3.8 kutoka alama hadi alama. Ukikosea milimita moja kila mara, hadi mwisho wa mnyororo B umepotea karibu sm 3, na kosa hilo hutaligundua mpaka siku ya kufunga madaraja. Laza futi kamba kando ya waya, na usome umbali wote kutoka alama ya kwanza: 3.8, 7.6, 11.4, 15.2, 19.0, 22.8, 26.6, 30.4, 34.2, 38.0, halafu unaendelea. Kwenye minyororo yote miwili, alama ya 11 lazima iangukie sm 38 na ya 21 iangukie sm 76. Ikiwa haikuangukia hapo, futa kwa kitambaa chenye spiriti uanze upya.

Ncha ya mwanzo, ile yenye kundi la amino, ikunje kitanzi kidogo. Ncha ya mwisho iache ilivyo. Bila kitanzi hicho, baada ya nusu saa hujui tena kama unasoma mnyororo mbele au kinyume.

Mpangilio wenyewe ni huu, kila herufi ikiwa asidi amino moja:

A: G I V E Q C C T S I C S L Y Q L E N Y C N
B: F V N Q H L C G S H L V E A L Y L V C G E R G F F Y T P K T

Frederick Sanger ndiye aliyeusoma kwa mara ya kwanza, kwa insulini ya ng'ombe, akamaliza na madaraja yake mwaka 1955. Mwaka 1958 akapewa Nobel. Wa binadamu unatofautiana kidogo sana na ule.

Zungushia tepu nyembamba juu ya alama hizi tu, nyingine ziache na doa la maka. A6 maana yake alama ya sita ya mnyororo A, na nyingine vivyo hivyo. Njano ni kwa sisteini: A6, A7, A11, A20, B7 na B19. Nyekundu ni kwa glutamati zenye chaji hasi: A4, A17, B13, B21. Bluu ni kwa arginini B22, lisini B29, na histidini mbili, B5 na B10. Kijani ni kwa nne zinazochukia maji na kujificha katikati: A2, A16, B11, B15. Ukipaka rangi asidi amino zote 51, modeli inakuwa na rangi nyingi mpaka hakuna kinachoonekana. Nne za kijani zinatosha kueleza kwa nini protini hujikunja.

Heliksi

Hapa usiwe na haraka. Heliksi ya alfa ina asidi amino 3.6 kwa kila mzunguko, na kila mzunguko unapanda angstromu 5.4, yaani 1.5 kwa kila asidi amino. Mkemia Linus Pauling aliipata akiwa kitandani Oxford mwaka 1948, anaumwa mafua na amechoka kusoma. Alichora mnyororo kwenye karatasi, akaikunja karatasi kwenye kaboni alfa huku akivilinda vifungo vya peptidi vibaki bapa, mpaka oksijeni ya asidi amino moja ikaelekeana na hidrojeni ya asidi amino ya nne mbele yake. Yeye, Robert Corey na Herman Branson waliichapisha mwaka 1951.

Sasa ile sm 12. Kaboni alfa za heliksi halisi ziko angstromu 2.3 kutoka katikati, na kati ya moja na nyingine tunahesabu mstari mnyoofu wa 3.8. Waya wetu hauendi kwa mistari minyoofu, unapinda mfululizo, na tao ni refu kuliko mstari. Ukiuzungusha kwenye kitu chenye kipenyo cha sm 4.6, alama za sm 3.8 hazitatosha kufikia mahali pake, na utapata zaidi ya alama nne kwa mzunguko badala ya 3.6. Dawa ni kupunguza kipenyo. Kati ya alama na alama waya unapanda sm 1.5, kwa hiyo kuzunguka unabakiwa na sm 3.49. Zidisha kwa 3.6 upate mzunguko wa sm 12.6, ambao ni kipenyo cha sm 4. Na kwa kuwa shaba hurudi nyuma kidogo ukiiachia, na waya una unene wake, tunaukunjia kwenye sm 12. Heliksi itakuwa nyembamba kidogo kuliko ya kweli, lakini urefu wake na idadi ya mizunguko vitakuwa sahihi. Hivyo viwili ndivyo vinavyoamua kama madaraja yatafika.

Shika gazeti lako wima. Weka waya mbele yake na uuzungushe ili mstari unaouona mbele yako upande kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Huo ni mkono wa kulia, na heliksi zote tatu za insulini ni za mkono wa kulia. Ukiwa na shaka, simamisha bolti ya kawaida pembeni, maana njia zake zimelala upande huo huo. Kugeuza heliksi juu chini hakubadilishi mkono wake, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba “ukiigeuza itakuwa sawa”. Na kama kuna atakayekucheka kwa kukosea, mwambie mchoro uliochapishwa na Pauling na wenzake mwaka 1951 ulionyesha heliksi ya mkono wa kushoto.

Zungusha sehemu hizi tatu:

A2 hadi A8, nafasi sita, urefu wa sm 9.
A13 hadi A19, nafasi sita, urefu wa sm 9.
B9 hadi B19, nafasi kumi, urefu wa sm 15, karibu mizunguko mitatu.

Chomoa gazeti, kisha vuta au bana springi mpaka urefu ukae sawa. Halafu pima kutoka alama yoyote hadi ya tatu mbele yake, kwa mfano B10 hadi B13. Rula inyooke, isifuate waya. Iwe karibu sm 5. Ikisoma 6, umevuta mno. Kipimo hiki kimoja kinatosha kukagua heliksi nzima, na ningependa kila mwanafunzi akifanye mwenyewe kabla mwalimu hajaangalia.

Sehemu zilizonyooka

B24 hadi B28 ni kipande cha beta. Hakijanyooka kama fimbo, kinapiga zigizaga. Kunja kidogo kwenye kila alama, mara upande huu mara upande ule, mpaka umbali wa kutoka alama moja hadi ya pili yake uwe kati ya sm 6.5 na 7. B1 hadi B8 nayo ichukulie hivyo hivyo, ila legevu zaidi. B20 hadi B23 ni kona ya kurudi nyuma. Angalia herufi zake: G E R G. Glisini mbili, asidi amino isiyo na mnyororo wa pembeni wa kuzuia mkunjo, zimekaa mwanzo na mwisho wa kona.

A9 hadi A12 iache kwanza. Itajipanga yenyewe.

Nguzo za mishikaki

Sasa una waya mbili zenye springi, na swali ni zikae vipi angani. Jibu liko kwenye Benki ya Data za Protini, hazina ya mtandaoni ya maumbo ya protini, iliyoanzishwa mwaka 1971 na iliyo wazi kwa kila mtu bila malipo. Tafuta 4INS. Ni insulini ya nguruwe, inayotofautiana na ya binadamu kwa asidi amino moja tu, B30, ambayo kwa nguruwe ni alanini. Kwa nguzo zetu haina tofauti. Faili ni maandishi matupu, simu inaifungua. Ndani yake zimo molekuli mbili: minyororo A na B ni ya kwanza, C na D ni ya pili. Chukua A na B pekee.

Tafuta mistari inayoanza na neno ATOM na yenye CA katika neno la tatu. Baada ya jina la asidi amino, herufi ya mnyororo na namba yake, kuna namba tatu zenye desimali: x, y na z, kwa angstromu. Andika kwenye daftari namba za nguzo hizi: A1, A6, A7, A11, A13, A20, A21, B1, B7, B9, B19, B23, B28 na B30. Kupigilia vijiti 51 kunawezekana, lakini unaishia na kichaka ambacho mkono haupiti. Kumi na nne zinatosha, mengine yanafanywa na urefu wa waya.

Toa ile ndogo kuliko zote katika kila safu ili namba zote zianzie sifuri. Kama x ndogo kuliko zote ni −12.4, na nguzo yako ina x ya 3.1, nguzo hiyo inasimama sm 15.5 kutoka ukingo wa kushoto wa grafu. Bandika grafu juu ya foamu, weka nukta kwa x na y, na ukate kijiti chenye urefu wa z ukiongeza sm 5: tatu za kuzama kwenye foamu, mbili za kuinua modeli isilale chini. Andika jina la nguzo kwenye kijiti kabla hujakichomeka.

Vijiti vingi havizidi sm 30, kwa hiyo safu yenye tofauti ndogo kuliko zote kati ya kubwa na ndogo yake ndiyo iwe ya kwenda juu. Hapa pana mtego mbaya. Ukibadilisha safu ovyo, unajenga taswira ya kwenye kioo: umbali wote utakuwa sahihi, na protini yote itakuwa si sahihi. Shika kanuni hii, ukitazama grafu kutoka juu, na “mbele” ikiwa ni kwenda mbali nawe:

z ikienda juu, x iende kulia na y iende mbele.
x ikienda juu, y iende kulia na z iende mbele.
y ikienda juu, z iende kulia na x iende mbele.

Mpangilio mwingine wowote unageuza mkono. Utajua umeingia mtegoni pale ambapo springi zako za mkono wa kulia zitagoma kulala kati ya nguzo zake huku alama zikiangukia mahali pake. Usizikunje upya. Ng'oa grafu.

Kulaza waya

Anza na mnyororo B kwa sababu ndio mrefu na ndio unaobeba mwenzake. Funga B9 na B19 kwenye ncha za vijiti vyake kwa uzi, hakikisha springi imenyooka kati yao, kisha shuka upande wa mwanzo mpaka B1. Rudi upande wa pili: pitisha kona ya B20 hadi B23, na urudishe kipande cha beta kiambatane na heliksi. Ukaguzi wa macho hapa ni kwamba B24 inarudi kukaa karibu na B15. Kama kipande kinaondoka kwenda mbali na heliksi, kona umeikunja upande usio wake.

Mnyororo A ni kama pini ya nywele: heliksi mbili fupi, moja inakwenda na nyingine inarudi, na A2 inakuja karibu na A19. Funga A1, A7, A11, A13 na A20. Ile A9 hadi A12 uliyoiacha sasa itajikunja yenyewe, maana haina njia nyingine.

Tazama tepu za kijani. A2, A16, B11 na B15 zinapaswa kuelekeana ndani, kwenye nafasi kati ya minyororo miwili, na nyekundu na bluu nyingi zibaki nje. Springi ikiwa mahali pake lakini imejizungusha kwenye mhimili wake, kijani kinatazama nje. Ishike kwa vidole viwili uizungushe polepole mpaka kirudi ndani. Hii ndiyo dakika ambayo darasa hukaa kimya, na hapo hakuna haja ya kuwaeleza tena maana ya “kuchukia maji”.

Madaraja

Matatu: A6 na A11, A7 na B7, A20 na B19. Kabla ya kufunga chochote, pima kwa rula kutoka tepu ya njano hadi ya njano. Kwenye protini, kaboni alfa za daraja la salfa huwa na umbali wa kati ya angstromu 4.5 na 6.5 hivi, mara nyingi karibu na 5.5. Ikiwa jozi zote tatu ziko humo bila wewe kusukuma waya, modeli yako imefaulu. Ikiwa A20 na B19 ziko sm 9, usivute. Rudi kwenye kipimo cha B10 hadi B13, halafu urefu wa heliksi ya B, halafu ile alama ya sm 38. Kosa mara nyingi liko kwenye mojawapo ya hayo matatu, na kwa mpangilio huo huo.

Kata bindingi waya ya sm 14 kwa kila daraja. Njia halisi kutoka kaboni alfa moja hadi nyingine, ukipitia salfa mbili, ina urefu wa karibu sm 8.7: 3.35 hadi salfa ya kwanza, 2 kati ya salfa na salfa, 3.35 tena. Pitisha shanga mbili za njano, ziweke sm 2 mbali moja na nyingine, na ukunje waya kidogo kila upande wa shanga ili zisiteleze. Sentimita zilizobaki kila ncha ni za kuzungushia kwenye mnyororo. Njia ni sm 8.7 na pengo ni 5.5, kwa hiyo daraja halinyooki, linajipinda. Likunje hivi: ukilitazama kutoka ncha, ukiona shanga moja imefunika nyingine, mikono miwili ya waya itengeneze pembe ya karibu digrii 90. Ndivyo salfa zinavyokaa.

Anza na A6–A11, ambalo liko ndani ya mnyororo mmoja, kisha A7–B7, na umalizie A20–B19. Baada ya hilo la tatu, kata nyuzi na uchomoe vijiti kimoja kimoja, ukianza na vya pembeni. Modeli itabaki imesimama kwa madaraja yake. Ikilegea sana, ongeza vifundo viwili vya uzi mwembamba mahali kijani kinapogusana.

Kuitumia

Dorothy Hodgkin alipiga picha yake ya kwanza ya fuwele ya insulini kwa eksirei katikati ya miaka ya 1930, na umbo kamili likapatikana mwaka 1969. Mwanafunzi aliyetumia Jumamosi mbili anaweza kuambiwa hilo bila kuhubiriwa.

Swali zuri la kuwauliza ni hili: ukibadilishana B28 na B29, prolini na lisini, kinatokea nini? Kwenye modeli ni mwisho kabisa wa mnyororo B, mbali na madaraja, mbali na kijani. Umbo la molekuli moja halibadiliki sana. Kinachoharibika ni mahali ambapo molekuli mbili za insulini hushikana, na insulini isiyoshikana huingia kwenye damu haraka zaidi baada ya kudungwa. Ndivyo insulini ya lispro ilivyotengenezwa.

Kama darasa lina vikundi sita na kila kikundi kimemaliza, usizitundike ukutani bado. Insulini hukaa kwenye kongosho ikiwa sita sita, imefungwa na zinki mbili. Tafuta nati mbili, zitundike kwa uzi moja juu ya nyingine, kwa umbali wa karibu sm 16. Modeli zipangwe jozi tatu kuzunguka uzi huo, ndani ya kila jozi vipande vya beta vielekeane, na kila modeli ilete tepu yake ya bluu ya B10 kwenye nati: tatu juu, tatu chini. Duara lote lina upana wa karibu sm 50, kwa hiyo sogezeni meza mbili pamoja kabla ya kuanza.